Kikoa

Nilipokuwa mtoto kule Pangani, wanaume wa mtaa wetu walikuwa wakila kikoa katika mwezi wa Ramadhani. Leo futari hupikwa nyumba hii na wote hukusanyika barazani kwake. Kesho nyumba ya pili. Keshokutwa ya tatu, mpaka zamu izunguke na kurudi ilikoanzia. Hapakuwa na daftari wala mwekahazina. Kila mtu aliijua zamu yake, na ambaye siku yake ilimkuta hana kitu alimwambia jirani mapema, wakabadilishana. Lakini aliyekula kwa wenzake halafu siku yake ikapita pasipo sufuria kutengwa mekoni, jina lake lilitajwa kwa muda mrefu, na si kwa wema.

Neno hilo nililisahau kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilikuja kukutana nalo tena mwaka 2012, nikiwa mzee mstaafu, katika karatasi ya hesabu niliyoletewa na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Chama cha waliosoma shule yetu kilikuwa kimeamua kuwa na tovuti, na mimi nilikuwa nimechaguliwa mlezi wa chama. Mstari wa kwanza wa karatasi ulisomeka: "Jina la kikoa, mwaka mmoja." Mstari wa pili: "Upangishaji, mwaka mmoja." Pembeni yake palikuwa na bei.

Nikamwuliza kwa mzaha, "Kikoa hiki ni cha futari au cha daku?"

Akacheka kwa adabu. "Hiki ni cha kompyuta, Mwalimu."

Akaanza kunieleza. Alitaja seva, alitaja kivinjari, alitaja anwani na msajili, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu aelewaye. Nakiri jambo hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana nalo. Nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 38, na katika miaka hiyo hakuna kosa la mwanafunzi lililoniudhi kuliko lile la kuitikia "ndiyo, Mwalimu" hali hajaelewa kitu. Basi siku ile nilikaa katika kiti changu, na miwani yangu, nikaitikia ndiyo.

Mwishoni aliniuliza swali moja. "Jina tulisajili kwa barua pepe ya nani, Mwalimu? Ingefaa iwe yako, wewe ndiye mlezi."

Nikajibu kwa kile kiburi kinachovaa nguo za unyenyekevu, "Mimi na kompyuta wapi na wapi? Weka yako."

Akaweka yake. Wanachama tukachanga fedha ya mwaka ule, tena kwa furaha, na tovuti ikafunguliwa.

Ilikuwa tovuti nzuri. Palikuwa na historia fupi ya shule, orodha ya walimu wakuu, na juu ya yote, picha za kila darasa la kidato cha nne tangu mwaka 1974. Picha hizo zilitoka katika albamu kubwa ya jalada jeusi iliyokuwa ikikaa katika kabati la ofisi yangu enzi zangu. Kijana yule aliichukua kwa majuma matatu, akazinakili moja moja kwa mashine, na chini ya kila picha akaandika majina kama yalivyokuwa yameandikwa kwa wino mgongoni mwake. Kisha akairudisha. Mwaka uliofuata ofisi ilipotaka kufanyiwa ukarabati, mwalimu mkuu mpya alinipigia simu kwa heshima kuniuliza albamu iwekwe wapi. Nikamwambia aiweke stoo tu, picha sasa zinaonekana dunia nzima. Mwaka 2016 stoo ilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamebakiza majalada mawili na udongo katikati. Tulisikitika kidogo. Si sana, kwa maana tovuti ilikuwepo.

Mwezi wa Juni mwaka 2021 alikuja nyumbani kwangu binti mmoja wa miaka 23. Alijitambulisha kwa jina la mama yake, na mara nikamkumbuka mama huyo: alimaliza kwetu mwaka 1986, msichana mrefu, hodari wa hesabu. Nilijua pia kwamba alifariki binti huyu akiwa mdogo. Binti alisema hakuwa na picha ya mama yake akiwa kijana, ila mwaka 2017 aliiona moja katika tovuti ya shule, kwa simu ya rafiki yake. Hakuihifadhi. Sasa alikuwa anakaribia kuolewa na alitaka kuwa nayo.

Nikamwambia, "Keti, mwanangu, hilo ni jambo la dakika moja." Kufikia wakati huo nilikuwa nimekwisha kununua simu ya kisasa na kujifunza kuitumia kidogo. Nikaandika jina la tovuti yetu. Kilichofunguka ni mchezo wa kamari: magurudumu yanazunguka, sarafu zinamwagika, na mwanamke ambaye mavazi yake sitayaeleza. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Labda umekosea herufi, Babu," binti akasema kwa upole.

Tukaandika upya, herufi kwa herufi, yeye akinitajia. Gurudumu likazunguka tena.

Siku ile ndipo nilipoanza kujifunza yale maneno niliyoyaitikia miaka tisa nyuma. Aliyenifundisha ni mjukuu wangu, aliyekuwa akisomea mambo ya kompyuta chuoni. Chuo cha ualimu kilitufundisha sisi kwamba mwanafunzi hupelekwa kutoka anachokijua kwenda asichokijua, na mjukuu wangu, ambaye hakupita chuo cha ualimu, alilijua hilo bila kuambiwa. Alinianzia na sanduku la posta.

Shule yetu ilikuwa na S.L.P. yake mjini. Kila mwaka nilihakikisha ada ya sanduku imelipwa, maana usipolipa sanduku hufungwa, na baadaye hupewa mtu mwingine. Namba ya sanduku tuliiandika katika kila barua, katika vyeti, hata ukutani kwenye lango, na watu wakaiona kuwa ni yetu. Haikuwa yetu. Ilikuwa yetu kwa mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine mmoja. "Jina la kikoa ndivyo lilivyo, Babu," mjukuu akasema. "Hulinunui. Unalikodi. Yule mnayemlipa huitwa msajili, na kazi yake ni kuandika katika daftari kuu kwamba jina hili, mpaka tarehe fulani, limeshikwa na fulani."

Daftari lenyewe lina historia inayopendeza. Kompyuta hazitambuani kwa majina. Zinatambuana kwa namba, mafungu manne ya tarakimu yenye nukta kati yake, na hakuna fungu linalozidi 255. Hiyo huitwa anwani ya IP. Ukizidisha mafungu hayo unapata namba kama bilioni 4.3, ambazo hazikutosha, ikabidi itungwe aina ya pili iliyo ndefu zaidi. Miaka ya 1970, kompyuta za mtandao zilipokuwa chache, majina yote na namba zake yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa katika Stanford Research Institute huko California, na mwanamama Elizabeth Feinler na wenzake. Aliyetaka jina aliwaomba wao. Kompyuta zilipoongezeka, faili likazidi uwezo wa watu wachache, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kuligawa daftari hilo katika mikono mingi. Mafundi huuita DNS. Unapoandika jina la tovuti, simu yako huuliza mfumo huo, "Huyu anakaa namba gani?" na kujibiwa kabla hujapepesa jicho.

Jina lenyewe husomwa kama bahasha. Juu ya bahasha tunaandika jina la mtu, chini yake sanduku, kisha mji, na mwisho Tanzania; lakini mtu wa posta wa nchi ya mbali huanzia chini: kwanza nchi, kisha mji, kisha sanduku. Ndivyo na jina la kikoa linavyosomwa na kompyuta, kutoka kulia. Jina linaloishia na .tz ni la Tanzania. Ndani yake kuna.go.tz ya serikali, .ac.tz ya vyuo, .sc.tz ya shule, .or.tz ya mashirika yasiyotafuta faida. Kila moja ni eneo lenye majina mengine chini yake, na eneo hilo ndilo kikoa. Letu sisi liliishia na .com, kwa kuwa wanachama waliona linapendeza zaidi na lina sura ya kimataifa. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Nikamwuliza mjukuu, "Sasa hilo ni sanduku. Nyumba iko wapi?"

"Nyumba ni seva, Babu, na huko ndiko mlikopanga."

Seva ni kompyuta kama nyingine, isipokuwa hailali. Imewekewa mafaili yako, na kazi yake ni kungoja mtu aulize ukurasa na kumpa. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyepeleka pendekezo la mtandao huu wa kurasa mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alibandika karatasi juu ya kompyuta yake iliyokuwa seva ya kwanza, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ikionya kwamba mashine ile ni seva na mtu asiizime. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Ni karatasi ile ile ambayo mimi ningeibandika. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu uvumbuzi huo bila malipo, na ndiyo maana hakuna tozo ya kuandika ukurasa. Tozo ipo kwenye jina, na ipo kwenye nyumba.

Neno upangishaji sikuhitaji kufafanuliwa sana. Nimekuwa mpangaji katika miji minne. Ule wa bei nafuu huitwa wa pamoja: umepewa chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji wengi, bomba moja, uwanja mmoja. Jirani akiwa na sherehe, maji hayafiki kwako. Yaani tovuti ya jirani ikijaa wageni, ya kwako hujikokota. Ukiwa na fedha zaidi unapata sehemu iliyojitenga ndani ya nyumba hiyo hiyo, na ukiwa tajiri unapanga nyumba nzima. Sisi tulikuwa na chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa Marekani. Picha za watoto wa Nyanda za Juu waliovaa sweta za bluu zilikuwa zinakaa ng'ambo ya bahari, na mwanafunzi wa Makambako alipotaka kuziona zilimjia kwa nyaya za chini ya bahari. Ule wa kwanza kufika Dar es Salaam, wa SEACOM, ulianza kazi mwaka 2009. Sina ubaya na hilo. Nalitaja kwa kuwa siku zote nilidhani picha zimo "ndani ya simu".

Kivinjari ni programu tu ya kusomea kurasa. Kupakia ni kupeleka faili kwenye seva na kupakua ni kulileta kwako. Kufuli dogo lililozoeleka kuonekana pembeni ya jina la tovuti nilikuwa nalielewa vibaya, na nadhani wengi wa rika langu wanalielewa vibaya hivyo hivyo. Kufuli lile, pamoja na zile herufi https, lina maana kwamba mazungumzo kati ya simu yako na seva yamefungwa, mtu wa njiani hawezi kuyasoma. Halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Jambazi naye anaweza kuwa na kufuli, na cheti chake siku hizi hupatikana bure. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu hiyo hasa. Ule mchezo wa kamari uliokaa mahali petu ulikuwa na kufuli zuri kabisa.

Baada ya kuyajua hayo, niliweza kuuliza maswali ya maana, na majibu yakawa machungu.

Kijana aliyetutengenezea tovuti alifariki mwezi Novemba 2018. Nilihudhuria mazishi, nilitoa rambirambi, nilisema maneno machache kaburini juu ya bidii yake darasani. Tovuti haikunijia kichwani hata kidogo. Mwaka 2021, baada ya ziara ya yule binti, nilikwenda kumwona mjane wake. Alinipokea vizuri, akaleta bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi alizozichapa marehemu, za kila mwezi wa Machi, 2013 hadi 2018. Jina la kikoa, mwaka mmoja. Upangishaji, mwaka mmoja. Miaka sita. Sisi tulichanga mara moja, ule mwaka wa furaha. Mingine yote alilipa yeye kutoka mfukoni mwake, naye alikuwa na watoto watatu na mshahara wa kawaida.

"Mbona hakutuambia?" nikauliza.

"Kila Machi alikuwa akisema, mwaka huu nitawaambia," mjane akajibu. "Halafu anaona haya, Mwalimu. Anasema, nitamwambiaje Mwalimu habari ya fedha?"

Katika simu ya marehemu, ambayo mjane alikuwa ameitunza, tulizikuta barua pepe za msajili. Zilikuwa za kiungwana. Muda wa jina lenu utakwisha baada ya siku thelathini. Baada ya siku saba. Umekwisha. Zote zilipelekwa kwa mtu aliyekuwa kaburini, kwa maana barua pepe iliyosajiliwa ilikuwa yake, na ilikuwa yake kwa sababu nilimwambia mimi na kompyuta wapi na wapi.

Muda wa jina ulikwisha Machi 2019. Majina ya .com hayapotei siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kukusubiri hadi siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini. Kisha siku tano, na jina huachiwa liende. Tulikuwa na nafasi ya karibu miezi mitatu ya kulipa fedha isiyozidi bei ya mbuzi mmoja. Hakuna aliyejua. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba miaka miwili ilipita pasipo mtu yeyote kati ya wanachama mia mbili na zaidi kuuliza tovuti imekwenda wapi, nami nikiwemo. Jina likachukuliwa na watu ambao kazi yao ni kuokota majina yaliyoachwa yenye wasomaji. Tulipowaandikia kuliomba, bei waliyoitaja ingeezeka madarasa mawili.

Chumba nacho kilikwisha kusafishwa. Kampuni iliyotupangisha ilijibu kwamba mpangaji asipolipa mafaili hufutwa, na kwamba kuweka nakala ya akiba ni juu ya mpangaji mwenyewe. Iliandikwa katika mkataba, na nilipousoma nikaona ni kweli. Sina la kuwalaumu. Hata aliyelipa kodi yake yote anaweza kupoteza. Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva la kampuni ya OVH liliungua moto huko Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa hawana nakala mahali pengine walipoteza kila kitu, na stakabadhi zao mkononi. Nakala ya akiba ndilo neno dogo kuliko yote katika somo hili, na ndilo ambalo mchwa walijaribu kunifundisha mwaka 2016.

Mjukuu wangu ndiye aliyefikiria Internet Archive. Hiyo ni maktaba iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 na Brewster Kahle. Programu zake huzunguka katika mtandao zikinakili kurasa, na tangu mwaka 2001 mtu yeyote anaweza kuandika jina la tovuti na kuuliza, ilionekanaje mwaka fulani? Tukaandika jina letu. Tukaona tarehe mbili, moja ya mwaka 2013 na nyingine ya 2015. Mjukuu akabonyeza, na baada ya kungoja kidogo ukafunguka ukurasa wetu wa mwanzo, na nembo ya shule.

Sikuweza kusema kitu kwa muda.

Tukaenda kwenye picha za mwaka 1986. Kichwa cha habari kilikuwepo: Kidato cha Nne B. Chini yake palikuwa na mraba mtupu wenye alama ndogo ya karatasi iliyochanika. Nikadhani simu imechelewa. Mjukuu akanieleza, na naona alikuwa amekwisha kujua tangu mwanzo. Ukurasa wa tovuti hauna picha ndani yake. Una maandishi, na mahali pa picha pana maagizo tu: nenda kachukue faili lenye jina hili, liweke hapa. Picha ni faili jingine, linakaa kando. Ile programu ya maktaba ilipopita ilichukua maandishi. Mafaili ya picha ilichukua machache, na mengi iliyaacha. Katika tovuti nzima tulipata picha kumi na moja. Ya 1986 B haikuwemo.

Maelezo ya chini ya picha yalikuwepo yote. Marehemu alikuwa ameyanakili bila kuruka jina hata moja: walioketi, kutoka kushoto, mstari wa pili, kutoka kushoto, waliosimama nyuma, kutoka kushoto. Jina la mama wa yule binti lilikuwa la tatu katika waliosimama nyuma. Nikayachapa katika karatasi, nikampa binti alipokuja tena. Aliweka kidole juu ya jina, akauliza walio kulia na kushoto kwake ni kina nani. Nikamweleza niliyoyakumbuka juu yao. Akauliza kama mama yake alikuwa akicheka katika picha ile. Nikamwambia sikumbuki, na hilo ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Chama kina tovuti nyingine sasa, na jina lake linaishia na .or.tz. Limesajiliwa kwa barua pepe ya chama yenye watu watatu wa kuisoma, na nywila imo katika bahasha ndani ya sefu ya mwekahazina, na mimi ninayo nakala. Picha zilizobaki na zinazoletwa zinawekwa katika diski mbili, moja shuleni na moja kwa mwenyekiti. Kuhusu malipo, nilipendekeza mkutanoni kwamba tusichange ovyo: kila mwaka darasa moja lilipe, kwa zamu, kuanzia 1974. Kijana mmoja akauliza utaratibu huo unaitwaje. Wazee wawili wa pwani waliokuwepo wakacheka kabla sijajibu. Fedha ya ile miaka sita tulimrudishia mjane kwa mikupuo miwili. Aliikataa mara ya kwanza.

Picha za darasa zilikuwa zikiuzwa kwa wanafunzi siku zile. Mpiga picha alikuwa akija kutoka mjini, na aliyekuwa na fedha alichukua nakala yake. Kwa hiyo ile ya 1986 B ipo mahali, katika kasha la mtu. Majina yaliyo katika yale maelezo ni 36. Waliofariki ninaowajua ni tisa. Waliobaki nimekuwa nikiwatafuta mmoja mmoja, wengine kwa simu, na wale ambao simu zao sikuzipata kwa barua, kwa kuwa S.L.P. za makazini na za parokia bado hufikisha. Kumi na wanne wamenijibu. Wengi hawakununua, au waliungukiwa, au walihama mara nyingi. Mmoja, anayeishi Mbeya, anasema aliinunua, anakumbuka hata bei, na kwamba kasha lake la zamani liko kwa dada yake Tunduma, chini ya kitanda, halijafunguliwa tangu mama yao alipofariki. Anwani ya dada huyo ameniandikia kwa herufi kubwa. Barua ya Tunduma niliipeleka posta juma lililopita, na stempu nikabandika mbili.